Pampu Iliyonyamaza Mchana

Msimamizi wa lile jengo refu alipofika karakanani mara ya kwanza, hakukubali hata kukaa kwenye kiti alichosogezewa. Alisimama mlangoni, kofia mkononi, akaeleza shida yake kwa sauti ya chini kama mtu anayetoa siri ya nyumbani kwake. Pampu yake ya maji ilikuwa inazima. Haikuwa imeharibika, maana asubuhi ilivuma vizuri, na jioni ilivuma vizuri vilevile. Lakini kila siku ikigonga saa nane mchana ilinyamaza ghafla, ikakaa kimya karibu nusu saa, mabomba ya ghorofa za juu yakakauka, wapangaji wakamjia juu. Halafu ikawaka yenyewe, hakuna aliyeigusa.

"Umeme unakuwepo?" aliuliza Mchomaji.

"Upo, dada. Taa ya ngazi inawaka. Hata kile kisanduku chenu kinakonyeza kijitaa chake kama kawaida. Ni pampu tu ndiyo inakuwa kama imeambiwa inyamaze."

Mchomaji halikuwa jina alilopewa na wazazi wake. Wenzake walimbandika kwa sababu ya kazi. Karakana ile ilitengeneza visanduku vya kuongoza pampu za maji, vyenye bodi ndogo ya umeme ndani inayojua kama tangi limejaa au limepungua, ikaiwasha pampu au kuizima. Akili yote ya kisanduku ilikaa kwenye memori kadi yenye ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, na kadi ikitoka dukani huwa tupu, haijui hili wala lile. Yeye ndiye aliyezitia akili. Alichomeka kadi kwenye kompyuta, akaiamuru imimine humo mfumo mzima kutoka kwenye faili moja waliloliita nakala mama. Ikisha kumimina, kompyuta iliisoma kadi upya na kuilinganisha na nakala mama, na kama zimefanana bila kupungua nukta, aliichomoa akaweka nyingine. Hiyo ndiyo waliyoita kuchoma kadi. Siku mama yake alipojisifu kwa majirani kwamba binti yake anachoma kadi, mmoja wao alidhani ameajiriwa kwenye tanuri la takataka, akampa pole ya moshi.

Nakala mama ilikuwa kazi ya mikono ya Mzee Risasi, fundi aliyemfundisha Mchomaji kila anachokijua. Jina lile alipewa kwa ajili ya risasi ya kuunganishia nyaya, ambayo haikuwa ikimtoka vidoleni. Wageni walidhani amewahi kuwa askari, naye hakujisumbua kuwasahihisha. Alikuwa mtu wa maneno machache na chai nyingi. Moyo wake ulisimama ghafla wakati wa mvua za mwaka uliopita, na Mchomaji akarithi meza yake, kiti chake kilichozama upande mmoja, na lile faili. Tangu azikwe, hakuna aliyethubutu kubadilisha kitu ndani yake. Walikuwa wakinakili tu.

Mchomaji alichukulia kwamba kadi ya msimamizi imechakaa. Akachoma mpya, akaihakiki, akachukua na kisanduku kipya ili asirudi mara mbili, akaenda nacho mwenyewe.

Chumba cha pampu kilikuwa chini kabisa ya ngazi. Msimamizi alifungua kufuli, akausukuma mlango kwa ncha ya kiatu, kisha akarudi nyuma.

"Mimi nakusubiri hapahapa."

"Kwani humo ndani kuna nini?"

"Hakuna kitu," alisema. "Ndiyo maana siingii."

Mchomaji alicheka, akaingia. Alifunga kisanduku, akaweka kadi, pampu ikavuma kwa nguvu mpaka sakafu ikamtekenya nyayo. Akajisemea kwamba kazi imekwisha. Alianza hata kukusanya vifaa vyake. Ndipo saa nane ikafika, na pampu ikanyamaza.

Alikuwa amezoea ukimya wa mashine zilizokufa, nao haumsumbui mtu. Huu ulikuwa wa namna nyingine. Ulikuwa kama ule wa nyumba ambamo mtu ameweka kidole mdomoni na kuwaonyesha wengine kwa macho kwamba kuna aliyelala. Maji yalitiririka kidogo ndani ya mabomba, yakatulia. Mchomaji alijikuta anapumua taratibu, na bisibisi aliyokuwa nayo akaiweka chini polepole isigonge. Nyuma yake, pale penye ukuta na mabomba tu, alihisi kuna mtu ameketi. Hakusikia chochote. Alijua tu, kama mtu anavyojua ndani ya giza kwamba chumbani hayuko peke yake. Na mtu huyo alikuwa ameketi kwa kuinama mbele kidogo, kama wanavyoketi wanaouguza.

Aligeuka. Akaona ukuta na mabomba.

"Sikiliza," alinong'ona msimamizi kutoka mlangoni. "Umesikia watoto?"

"Sisikii watoto."

"Basi ndivyo hivyo. Sasa hivi walikuwa wanafukuzana kwenye ngazi. Saa hii watoto wote wa jengo hili hulala, hata wale watundu wa kutupwa. Mama zao wanasema hawawalazi. Wanaanguka tu na usingizi."

Walikaa hivyo, yeye ndani na msimamizi nje, hawasemezani, mpaka pampu iliposhtuka na kuanza kuvuma tena. Juu yao mtoto mmoja alianza kulia.

Kesho yake Mchomaji alimweleza bosi. Bosi alikuwa mtu wa haraka, anayesikiliza huku akitafuta funguo za gari.

"Kadi mpya, kisanduku kipya, na bado inazima? Basi kosa haliko kwenye kadi. Liko kwenye hicho unachokichoma."

Ilikuwa kweli, na Mchomaji aliijua tangu alipokuwa kwenye chumba cha pampu, ila hakutaka kuwa wa kwanza kuitamka. Alifungua nakala mama. Mzee Risasi alikuwa na tabia ya kuandika maelezo kando ya kila amri, na utani juu, kwa ajili ya yeyote atakayekuja baada yake. *Hapa tunaliuliza boya kama tangi limejaa. Boya likinyamaza usiliamini.* Mchomaji alisoma akitabasamu, mpaka akafika chini kabisa, akaikuta amri isiyo na neno pembeni. Kila siku, saa nane mchana, zima pampu. Baada ya nusu saa, iachie. Basi. Ilikaa pale peke yake, uchi.

Bosi aliinama juu ya bega lake. "Futa."

"Hatujui aliiweka kwa nini."

"Ninachojua mimi ni kwamba watu wa ghorofa ya juu hawana maji ya kunawia. Futa, choma upya, peleka."

"Lakini bosi, visanduku vyote tulivyouza vina amri hii. Vyote vimetoka humu."

"Na hakuna aliyelalamika, kwa sababu ni vya majumbani, matangi yao yana maji ya kutosha nusu saa. Watabadilishiwa taratibu."

Aliondoka na funguo zake. Mchomaji alibaki akiwaza juu ya mji mzima: kwenye nyua, nyuma ya maduka, kwenye vibanda vya visima, pampu zote zile zikinyamaza kwa pamoja mchana kweupe, na watu wakipita bila kujua ni nini kilichowafanya wapunguze sauti. Alipoweka kidole kwenye kitufe cha kufuta, mkono ulimwia mzito, kama anayemwambia mgeni aliyechoka ainuke aende zake. Lakini kazi ni kazi. Akafuta. Akahifadhi nakala mama mpya, akachoma kadi, akaipeleka.

Jioni ya siku ya pili msimamizi alipiga simu. Pampu haikuzima. "Ila watoto nao hawalali tena, dada," alisema, akacheka, na kicheko chenyewe kikakatikia njiani. "Sijui kipi bora."

Mchomaji hakutulia. Alikuwa amefuta kitu cha marehemu bila kujua kilikuwa nini, na aliona vibaya kukaa hivyo. Wiki ile, alipopata ruhusa, alikwenda kumjulia hali mjane wa Mzee Risasi. Tangu msibani hakuwa amekanyaga pale, na njia nzima alikuwa anajilaumu.

Ilikuwa nyumba ya chini yenye vyumba vya wapangaji kwa nyuma, na katikati ya ua kulikuwa na kisima. Pampu yenyewe iliwekwa kwenye msingi wa saruji, ikiwa imejibanza ukutani chini ya dirisha la chumba cha wenye nyumba. Ilikuwa kuukuu, na sauti yake ilikereza kama msumeno kwenye ubao mkavu. Kwa kuwa kisima kilikuwa na maji haba na wapangaji ni wengi, ilifanya kazi tangu alfajiri mpaka watu walale.

Mlango ulifunguliwa na binti wa marehemu, mwalimu wa hesabu, aliyerudi kuishi na mama yake baada ya msiba. Alikuwa mwanamke mkavu wa uso, wa kutaka kila kitu kithibitishwe ubaoni ndipo akubali. Alimpeleka chumbani.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu." Mjane alikuwa ameegemea mito, kichwa amekifunga kitambaa. "Wewe ndiye yule wa kuchoma kadi. Mzee alikuwa hakosi kukutaja. Alisema una mkono mwepesi, ila una haraka."

"Kweli nilikuwa na haraka, Mama. Alinitoa haraka yote."

Mjane akacheka. Walizungumza ya afya na ya kazi, wakipaza sauti kwa ajili ya pampu, mpaka Mchomaji akapata ujasiri wa kuuliza. Mama alijua lolote kuhusu pampu kuzimwa saa nane?

"Nisijue vipi, na ni kwa ajili yangu?" alisema mjane. "Tangu nilipopasuliwa kichwa, usiku sipati usingizi kabisa. Nalala mchana tu, na hilo dude liko chini ya dirisha. Basi Mzee alikuwa anatoka kazini saa ya chakula, badala ya kula anakuja hapa, anaizima, anakaa kwenye hicho kigoda mpaka nalala. Siku nyingine na yeye anasinzia hapohapo, anasahau kuiwasha, wapangaji wanapiga kelele na ndoo zao. Ndipo akatengeneza kile kisanduku, kiizime na kuiwasha chenyewe. Kilikuwa cha kwanza kabisa. Hivyo vyote mnavyouza vilianza na kichwa changu kibovu."

Sasa Mchomaji alielewa. Mzee Risasi alikuwa amechukua kadi ya nyumbani kwake, kadi aliyoiamini kuliko zote, akaifanya nakala mama. Ile amri ya mwisho aliisahau. Au hakuisahau.

Alitaka kusema hivyo, na hapo pampu ikanyamaza.

Uso wa mjane ulilegea wote kwa mara moja. Hakumtazama tena Mchomaji. Aligeukia upande wa kigoda kilichokuwa karibu na mto, kigoda ambacho hakuna aliyekuwa amekikalia, akasema kwa sauti ndogo ya watu waliozoeana, "Leo umechelewa kidogo." Akajifunika shuka mpaka begani. Haikuchukua muda akawa amelala, pumzi zake ndefu na za utulivu.

Mchomaji alikuwa amesimama. Hakukumbuka alisimama lini. Alisimama kama mtu anavyompisha mkubwa aliyeingia.

Binti alikuwa anamwita kwa mkono kutoka mlangoni. Walitoka mpaka uani.

"Umemwona? Kila siku ndiyo hivyo," alisema binti, akijitahidi asipaze sauti. "Anaamini baba anakuja. Nimechoka, dada yangu. Wewe ndiye mwenye kujua haya madude. Fungua hicho kisanduku uiondoe hiyo amri, pampu ivume mchana kutwa, mama aache kuongea na kigoda."

"Akikosa usingizi je?"

"Nitamtafutia dawa. Dawa naielewa."

Mchomaji alikuwa na kadi mpya kwenye mkoba, iliyochomwa kutoka kwenye nakala isiyo na ile amri. Hakuwa na sababu ya kukataa. Alichukua bisibisi, akalegeza skrubu za kisanduku kilichokuwa ukutani juu ya pampu, kimepauka kwa jua, akaondoa kifuniko.

Ndani hamkuwa na kitu. Kadi haikuwepo. Hata bodi yenyewe haikuwepo. Palikuwa na matundu ya skrubu na utando wa buibui uliojaa vumbi. Nyaya za pampu zilikuwa zimechomolewa siku nyingi, zikapitishwa kando ya kisanduku na kuunganishwa moja kwa moja na swichi ya ukutani, maungio yamezungushiwa utepe mweusi kwa ule mtindo nadhifu ambao Mchomaji angeutambua hata akiwa amefumba macho.

"Ameng'oa mwenyewe," alisema. "Alileta bodi na kadi karakanani alipotengeneza nakala mama. Nafikiri hakuwahi kurudisha."

"Lini hiyo?"

"Zamani. Kabla sijaanza kazi."

Binti alikunja uso, akipiga hesabu. "Kwa hiyo miaka yote hiyo ni nani aliyekuwa anaizima?"

"Yeye mwenyewe. Alirudi kwenye mtindo wake wa zamani. Alikuwa anatoka kila siku saa ya chakula, sisi tukidhani ana mgahawa wake anakokula."

"Na sasa?"

Wote wawili waliitazama swichi. Ilikuwa imewashwa. Binti aliibonyeza ikazima, akaibonyeza ikawaka, pampu haikutikisika. Akarudia. Kisha akasema, kwa sauti yake ya darasani, "Pima." Mchomaji alitoa kipimo cha umeme, akagusisha ncha zake pale nyaya zinapoingia kwenye mota.

"Umeme umefika?"

"Umefika wote."

"Imeungua?"

"Kama ingeungua isingekuwa inavuma muda mfupi uliopita."

"Basi kwa nini haizunguki?"

Mchomaji aliweka kiganja juu ya mota. Ilikuwa na joto, imetulia chini ya mkono wake, kama mnyama aliyeshikwa na anayemwamini. "Sijui, dada," alisema.

Uani kote palikuwa kimya. Mpangaji mmoja aliyekuwa anafua alikuwa ameacha mikono ndani ya beseni, macho yamemlegea. Binti aliketi kwenye ukingo wa saruji, magoti pamoja, akakaa akiitazama swichi.

"Mimi saa hii huwa nakaa huku nje," alisema mwishowe. "Tangu nirudi. Ikishazima natoka, nasubiri iwake ndipo niingie. Nilijiambia ni kwa sababu simpendi mama akiongea ovyo." Alijifuta uso kwa kiganja, akashangaa kukikuta kimelowa. "Tangu tumzike sijalia, unajua? Watu walinisema."

Akainuka, akaingia ndani bila kuvaa viatu vyake. Dirisha lilikuwa wazi nusu, na Mchomaji alimwona akisimama kando ya kitanda, akisitasita kama mwanafunzi aliyechelewa. Kisha akaketi sakafuni, miguu ameikunja, akaegemeza kichwa hewani, karibu na kigoda, kwenye kimo cha goti la mtu aliyeketi. Kichwa hakikuanguka. Kilitulia pale.

Mchomaji aligeuka akatazama upande mwingine, maana aliona si haki yake kutazama. Mkono wake ulikuwa bado juu ya mota ilipotetemeka na kuanza kuzunguka.

Kadi aliirudisha kwenye mkoba. Bosi hakuambiwa chochote, wala hakuuliza. Binti naye hakuomba tena pampu itengenezwe. Mara mojamoja Mchomaji alipitia pale mchana, akakuta mlango wa chumba umefungwa na wapangaji wamejaza ndoo zao mapema, kwa kuwa walishaizoea saa ile na hawakuona haja ya kuisema.

Mjane aliishi mpaka baridi ilipoanza. Alikufa alfajiri moja, usingizini, yeye aliyesema usiku haupati. Mchomaji alihudhuria mazishi, akashinda na wanawake wengine jikoni, akarudi kazini.

Siku chache baadaye binti alimpigia simu. "Njoo unisaidie kitu," alisema. "Pampu haizimi."

Alimkuta chumbani, godoro limesimamishwa ukutani, mashuka yamelundikwa juu ya kitanda kitupu. Kigoda hakikuwepo, alikuwa amempa mpangaji aliyekiomba. Saa nane ilifika. Pampu ilivuma. Walisubiri, na pampu ikaendelea kukereza chini ya dirisha, haina habari.

"Jana ilikuwa hivihivi," alisema binti. "Na juzi." Aliyasogeza mashuka kando. "Unaweza kunirudishia bodi na kadi? Yenye ile amri. Iwe inazima."

"Naweza. Ni kazi ya dakika chache tu." Mchomaji alimtazama. "Lakini atakayeizima ni mimi, dada, si baba yako."

Binti aliitikia kwa kichwa, polepole, kama mtu aliyeonyeshwa jibu alilokuwa nalo tayari.

"Basi acha," alisema. "Watu wanahitaji maji."

Alikwenda dirishani akalisukuma lote, likafunguka, kelele za pampu zikajaa chumba kizima. Kisha akachukua shuka la juu kwenye lundo, Mchomaji akashika ncha za upande wa pili, wakaanza kulikunja, wakisemezana kwa kupaza sauti.